Mzigo Unaoanza Kabla ya Ngoma

Watazamaji huangalia mruko; mwalimu mzuri huangalia kutua. Mchezaji anaporudi chini, vidole ndivyo vinavyogusa sakafu kwanza, kisha unyayo wa mbele, kisha kisigino, huku goti likikunjika juu ya mstari wa kidole cha pili na nyonga ikipokea sehemu yake ya uzito. Yote hayo ni ya kufumba na kufumbua. Vigimbi na mapaja hufanya kazi ya breki, na breki ikichelewa, pigo huingia kwenye mfupa. Ndiyo maana misuli hiyo huanza kukaza kabla mguu haujagusa chini: ubongo huikadiria sakafu, ukatoa amri mapema. Makadirio hayo hutegemea mambo ambayo mtazamaji hayaoni. Mchezaji alilala saa ngapi? Amekula nini? Anaogopa nini, na nani anamtazama?

Hapo ndipo zinapokutana elimu mbili ambazo kwa muda mrefu zilikwenda kila moja njia yake. Ya kwanza ni sayansi ya dansi, inayopima mifupa, misuli, moyo na mapafu ya mchezaji. Ya pili ni saikolojia ya utendaji jukwaani, inayochunguza hofu, umakini, ari na maneno ambayo mtu hujiambia moyoni kabla pazia halijafunguliwa. Katika makundi makubwa ya balei ya Ulaya na Marekani, siku hizi mtaalamu wa viungo, wa lishe na wa saikolojia hushauriana na mwalimu juu ya mchezaji mmoja. Nimeifuatilia elimu hiyo nikiwa Baraka, mji wa Kongo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyoamini kwamba inawahusu watoto wa Bibokoboko kuliko waandishi wake walivyowahi kufikiri.

Bibokoboko iko juu yetu, kwenye miinuko ya eneo la Fizi inayoelekea milima ya Itombwe. Hakuna shule ya balei huko, wala hapa Baraka. Lakini kucheza kupo, na kupo kwa wingi. Babembe wana ngoma zao, Banyamulenge wana zao, Bafuliiru na Banyindu vilevile. Harusi haiishi bila watu kuingia uwanjani. Zaidi ya yote kuna kwaya: Jumapili moja katika makanisa ya Baraka utaona vijana wengi wakicheza kwa hatua zilizopangwa kuliko utakaowaona katika majumba mengi ya sanaa. Hujizoeza jioni baada ya jioni, kwenye sakafu ya saruji au ardhi tupu, chini ya mwalimu aliyejifunza kwa kutazama wengine. Hao ndio wachezaji wetu, na huyo ndiye mwalimu ninayemfikiria ninapoandika.

Balei yenyewe ni sanaa ya zamani yenye sayansi changa. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661. Marie Taglioni aliwastaajabisha watu wa Paris mwaka 1832 kwa kucheza juu ya ncha za vidole. Kwa zaidi ya miaka mia tatu mafunzo yalikwenda kwa mapokeo: mwalimu alifundisha alivyofundishwa, na maumivu yalihesabiwa kuwa ada ya sanaa. Chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi kilizaliwa mwaka 1990 tu. Miaka sita baadaye, Peter Brinson na Fiona Dick walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa wachezaji wa Uingereza, na ikaonekana kwamba takriban wanane kati ya kila kumi walikuwa wameumia angalau mara moja katika miezi kumi na miwili. Wachezaji walipoulizwa sababu, uchovu na kazi kupita kiasi vilikuwa mstari wa mbele.

Jibu hilo lilipaswa kuwashtua walimu. Mchezaji hakuvunjwa na mruko mgumu; mara nyingi alivunjwa na mruko wa kawaida aliouruka siku ambayo hakuwa na akiba ya nguvu. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakihesabu mzigo, maana yake jumla ya yote ambayo mwili unadaiwa kwa siku, kwa wiki na kwa msimu. Mazoezi ni sehemu moja ya hesabu hiyo. Safari imo, njaa imo, usiku wa kukesha umo, na wasiwasi umo.

Kipimo kimoja cha mapema kilitoka Sweden. Mwaka 1984 Schantz na Åstrand walipima hewa waliyoivuta wachezaji wa balei ya kifalme ya nchi hiyo darasani na katika vipande vya jukwaani. Mazoezi ya mwanzo, ambapo mchezaji hushikilia bomba lililofungwa ukutani, yalidai kama theluthi moja tu ya uwezo wa moyo na mapafu. Vipande vya jukwaani vilidai karibu asilimia 80. Darasa la kila siku, ambalo kila mtu aliliamini, halikuwa likimwandaa mchezaji kwa kazi iliyokuwa ikimngoja. Ndipo makundi yakaanza kuongeza mbio, baiskeli na mazoezi ya nguvu kwa watu ambao zamani waliambiwa kwamba mambo hayo yatawaharibia umbo.

Mtoto wa Bibokoboko hana upungufu huo. Ziwa letu liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Bibokoboko viko juu zaidi sana; kwenda na kurudi ni kwa miguu. Moyo na mapafu yake vimefundishwa na mlima tangu alipoanza kutembea. Nimewaona wasichana wa huko wakicheza kwaya kwa saa nzima bila kuhema, huku wenzao wa mjini wameshika kiuno. Mwalimu akiona hivyo hufurahi, akaongeza kazi. Lakini pumzi ni shahidi mbaya wa goti. Moyo wenye nguvu humwezesha mtu kuendelea hata pale viungo vinapokuwa vimekwishachoka, na jeraha la mchezaji mwenye pumzi nyingi huwa limekomaa siku linapojionyesha.

Juu ya mizigo, wanawake wa Afrika Mashariki wamewahi kuwa walimu wa sayansi. Mwaka 1986 Maloiy, Heglund na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wanawake wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walipima oksijeni waliyotumia. Mzigo ulipofika hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, gharama ya kutembea haikuongezeka hata kidogo. Utafiti wa mwaka 1995 ulieleza kwa nini: mama aliyezoea kubeba hutembea kwa namna inayohifadhi nguvu ya hatua iliyopita na kuitumia katika hatua inayofuata. Ni ufundi wa mwili wa hali ya juu, uliopatikana bila bomba la ukutani wala mwalimu kutoka Ufaransa, na kila atakayesimama kwenye njia ya kushuka soko la Baraka atauona kwa macho yake.

Utafiti huo huo una mpaka wake. Zaidi ya asilimia 20, gharama hupanda. Sasa chukua bidoni la lita 20, ambalo ni kilo 20 za maji. Kwa binti mwenye kilo 40, hiyo ni nusu ya uzito wake. Akilibeba asubuhi kutoka mtoni, akalibeba tena jioni, kisha akaja kwenye mazoezi ya kwaya, mwalimu anayemwambia aanze kwa kuruka hajui kwamba anamwambia aendelee. Darasa lake la kwanza limekwisha mtoni.

Na hiyo ni siku ya amani. Mnamo Oktoba 2021 vijiji vya Bibokoboko vilishambuliwa, na watu wakakimbia. Wapo waliojibanza karibu na kambi za askari, wapo walioteremka Baraka, na wakimbizi hawakuwa wa kabila moja tu katika miaka hii mirefu ya vita vya milimani. Kabla yao, mwaka 1996, watu wa Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi na meli hadi Kigoma, Tanzania, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao katika wilaya ya Kasulu. Kizazi kizima cha waimbaji na wachezaji wa kwaya kimekulia humo. Watoto wetu wanafika kwenye mazoezi wakiwa na historia hiyo mwilini, hata wale ambao hawajawahi kuitamka.

Saikolojia ya michezo ina maelezo ya kinachotokea. Mwaka 1988 Mark Andersen na Jean Williams walitoa mfano wa jinsi msongo wa mawazo unavyozaa jeraha. Mtu mwenye dhiki nyingi, mwenye watu wachache wa kumtegemeza na asiye na mbinu za kujituliza, akiwekwa mbele ya jambo gumu mwili wake hujibu kwa njia mbili. Misuli hukaza kupita inavyohitajika, na macho hupungukiwa na upana: vya pembeni havionekani vizuri. Kwa mchezaji katika safu, vya pembeni ni bega la mwenzake, ukingo wa jukwaa, kipaza sauti kilichosogezwa. Misuli iliyokaza mno nayo haipokei pigo la kutua inavyopaswa. Hofu, basi, ina anwani mwilini. Iko kwenye shingo, kwenye mbavu zisizopanuka, kwenye goti linalokataa kukunjika.

Niliwahi kuiona kwa karibu, kwenye mazoezi ya kwaya moja hapa mjini. Binti mmoja aliyekuwa ameteremka kutoka milimani na mama yake mkubwa aliwekwa safu ya nyuma, mgongo kuelekea mlango. Hatua alizijua, tena vizuri. Lakini kila mlango ulipogongwa na upepo mabega yake yalipanda na kubaki juu, na mruko uliofuata alitua kwa miguu miwili iliyonyooka, kwa kishindo. Mwalimu akampigia kelele kwamba ni mvivu wa magoti. Mruko uliofuata ukawa mbaya zaidi. Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili, mtu mzima anayeheshimika, alipomwomba mwalimu ruhusa, akamwendea binti na kumshika mkono.

“Mwanangu, umekula?”

“Bado, mama.”

“Usiku ulilala?”

“Kidogo, mama.”

Akampeleka safu ya mbele, pembeni, mahali ambapo angeweza kuuona mlango. Akamwambia apumue mpaka tumbo lijae, atoe pumzi polepole, kisha arudie hatua akitembea, bila kuruka. Baada ya muda mabega yalishuka yenyewe. Magoti yalirudi kukunjika bila mtu kuyataja.

Mama yule hajasoma saikolojia. Alichofanya, hata hivyo, kinafanana sana na kilichofanywa Korea Kusini na Noh, Morris na Andersen katika utafiti uliotoka mwaka 2007. Waliwachukua wachezaji wa balei, na kwa wiki 12 wakawafundisha baadhi yao kulegeza mwili, kujenga picha ya hatua akilini na kujisemesha kwa maneno yenye kuwatia nguvu. Waliopata mafunzo hayo mapana walikaa siku chache kuliko wenzao wakiuguza majeraha. Hakuna kilichobadilishwa katika hatua za balei. Kilichobadilika ni hali ya mtu anayezicheza.

Maswali ya mama yule pia yamethibitishwa na vipimo. Mwaka 2014 Milewski na wenzake waliripoti kwamba vijana wanamichezo waliolala chini ya saa nane walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 zaidi ya waliolala kutosha. Mwaka huohuo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo: chakula kisipolingana na kazi, mwili huanza kubana matumizi, hedhi huvurugika, mifupa hudhoofika, kinga hushuka na akili huwa nzito. Katika balei upungufu huo mara nyingi umeletwa na tamaa ya wembamba. Kwetu huletwa na shamba lililoachwa nyuma, ng’ombe walioporwa na bei ya ndagala sokoni. Mfupa hautofautishi sababu. Mchezaji wa Paris aliyejinyima na binti wa Bibokoboko aliyenyimwa na vita wanaweza kupasuka mfupa uleule wa mguu.

Hapo ndipo ninapoona pengo katika elimu hii, na ninalisema kwa heshima. Ijapokuwa watafiti wanajua kwamba mzigo ni jumla ya yote, vitabu vingi vya sayansi ya dansi vinaanza kuuhesabu pale mchezaji anapoingia ukumbini. Vimeandikwa kwa watu ambao kitanda chao kipo na mlango wao unafungwa. Mtumbwi uliopakiwa tangu rasi ya Ubwari hauongezwi magunia Baraka kabla mtu hajatazama umekaaje majini, na wachezaji wetu ni hivyo hivyo. Elimu ya kupima mzigo ni ya kweli, ila kwetu lazima kipimo kisogezwe nyuma mpaka mtoni, mpaka njia ya mlimani, mpaka usiku wa jana.

Kupumzika nako kunahitaji kutetewa, maana katika kwaya zetu anayepumzika huonekana amepoa kiroho. Yiannis Koutedakis na wenzake walipima wachezaji wa kike wa balei kabla na baada ya likizo ya wiki kadhaa mwishoni mwa msimu. Walimu wengi wangetarajia wawe wamelegea. Walirudi na nguvu zaidi za miguu, viungo vyepesi zaidi na pumzi bora. Msimu ulikuwa umewachosha kiasi kwamba likizo iliwajenga. Wazee walikwishasema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Walisema hivyo wakiwa wamewaona wapigaji na wachezaji kwa miaka mingi.

Yapo pia mambo ya kufundisha ambayo hayagharimu chochote. Gabriele Wulf amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza miondoko, na mara nyingi matokeo yake yameelekea upande mmoja: anayeelekeza mawazo kwenye matokeo ya tendo hujifunza vizuri kuliko anayeelekeza mawazo kwenye kiungo chake mwenyewe. “Sukuma ardhi” hufanya kazi kuliko “nyoosha goti.” Mpigaji wa ngoma wa kijijini anayemwambia kijana aijibu ngoma kwa mguu anafundisha hivyo hivyo. Kwa mtoto mwenye hofu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mawazo yake tayari yamejaa mwili wake, na kumtajia kila kiungo ni kumfungia ndani zaidi.

Kutazama nako ni mazoezi. Mwaka 2005 Beatriz Calvo-Merino na wenzake huko London waliwaonyesha wachezaji wa balei na wachezaji wa kapoeira, mchezo wa Brazil, filamu za miondoko ya aina zote mbili, huku mashine ikipiga picha za ubongo. Sehemu za ubongo zinazoandaa mwendo ziliamka zaidi pale mtu alipotazama miondoko aliyofundishwa mwenyewe. Mchezaji anayekaa kitako akiwatazama wenzake, kama hatua anazijua, hajakaa bure. Kwa hiyo mtoto mwenye goti lililovimba asirudishwe nyumbani kwa aibu. Akae benchi, atazame, ahesabu midundo, abaki mmoja wa kundi. Kundi hilo ndilo sehemu ya dawa yake.

Na vioo? Wengi hudhani kwamba bila kioo hakuna balei. Sally Radell wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, alilinganisha darasa la wanafunzi wa balei lenye kioo na lisilo nacho, na katika zoezi la miondoko ya taratibu waliofundishwa bila kioo ndio walioendelea zaidi. Joel Kioko, kijana wa Kuwinda jijini Nairobi, alipata somo lake la kwanza la balei katika darasa la shule ya umma lisilo na kioo wala bomba la kushikilia, viti na madawati yakiwa yametolewa nje. Mwisho wa mwaka 2016 alikuwa akicheza sehemu ya peke yake katika onyesho la Krismasi jijini humo, akiwa tayari amekwishapata mafunzo ng’ambo. Kilichomvusha ni walimu waliojua wanachofanya. Vyumba visivyo na vioo tunavyo vingi Baraka.

Kongo yenyewe haianzi sifuri. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alianzisha Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, na mwaka 2006 akaipeleka Kisangani, mji uliokuwa umepigwa vibaya na vita. Angeweza kubaki Ulaya ambako kazi zake zinapokelewa. Alichagua kuwafundisha vijana mahali ambapo magofu yanaonekana dirishani. Bukavu, katika Mji wa Furaha uliofunguliwa mwaka 2011, wanawake walionusurika ukatili wa vita hucheza kama sehemu ya kupona. Na mbali nyuma ya hao wote kuna bwami, chama cha Balega na Babembe, ambamo mtu alipanda daraja kwa kufundishwa maadili kupitia mafumbo, sanamu ndogo na ngoma zilizochezwa mbele ya wakubwa waliomdhamini. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho. Kilichopigwa marufuku kilikuwa shule, ambayo ndani yake mwili na tabia vilifundishwa kwa pamoja na hakuna mwanafunzi aliyeachwa bila mtu mzima wa kumsimamia.

Wapo watakaouliza kama huu ndio wakati wa kuzungumzia sayansi ya dansi, wakati watu wanakosa chumvi na dawa. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba watoto hawatusubiri. Wanacheza sasa hivi, katika kambi, makanisani, kwenye viwanja vya shule, na mtu mzima fulani tayari anawasimamia. Kila anapowaambia “tena!” anagusa mifupa yao na hofu zao kwa wakati mmoja. Kutojua hakumwondolei jukumu hilo.

Liko pia jukumu lililo zito zaidi. Mwaka 2015 Bronwyn Tarr, Robin Dunbar na wenzao walichapisha majaribio yaliyofanywa Brazil kwa vijana waliocheza pamoja. Waliocheza kwa mwendo mmoja walivumilia maumivu zaidi na kujisikia karibu zaidi na wenzao kuliko waliocheza kila mtu kivyake. Mwanahistoria William McNeill alikuwa ameandika mwaka 1995 kwamba nguvu hiyohiyo ndiyo inayowaunganisha askari katika gwaride. Kwa hiyo kucheza kwa pamoja huunganisha wale walio katika safu, wawe nani na kwa lengo lolote. Hapa Fizi tunajua vijana wanavyoweza kuunganishwa kwa ngoma na kupelekwa vitani. Mwalimu anayepanga safu anaamua nani atasimama bega kwa bega na nani. Akiweka mtoto wa Kibembe na mtoto wa Kinyamulenge katika safu moja, wakapumua kwa mdundo mmoja jioni nyingi, hajamaliza vita, na asijidanganye hivyo. Ameupa kila mwili uzoefu wa kumwamini mwingine asimkanyage, na uzoefu huo hautapatikana kwa hotuba.

Kwa hiyo nawaomba wanaofundisha kucheza, kuanzia Baraka hadi Nyarugusu, na huko Bibokoboko kwa wale waliorudi, waanze kila jioni kwa kuuliza: nani hajala, nani hakulala, nani ametoka mtoni, nani anaumwa wapi. Dakika chache zinatosha. Siku majibu yanapokuwa mabaya, miruko ipunguzwe na hatua zirudiwe kwa kutembea. Siku yanapokuwa mazuri, mwalimu adai kazi ngumu bila huruma ya uongo, kwa sababu mtoto aliyepitia makubwa ana haki ya kuaminiwa kwamba anaweza. Kelele ziachwe, maana mtu aliyekaza misuli kwa hofu hawezi kutii. Wiki moja kati ya kadhaa iwe ya mapumziko, na isiitwe uvivu. Shule zetu za ualimu na idara za michezo katika vyuo vya Bukavu na Uvira ziweke masomo haya kwenye mitaala yao, kwa Kiswahili, ili mwalimu wa kwaya asiye na Kifaransa cha kutosha naye ayapate.

Majumba makubwa yalifika kwenye elimu hii baada ya kuwaumiza wachezaji kwa karne tatu. Sisi hatulazimiki kupita njia hiyo yote. Tunaweza kuanza pale walipofikia, tukaongeza kile tunachokijua kuliko wao: kwamba mzigo wa mchezaji huanza kabla ya ngoma, na anayetaka mchezaji huyo acheze vizuri, tena acheze hadi utu uzima, sharti kwanza ajue anambebesha juu ya nini.